Shoo zimekuwa ghali: mwongozo kamili wa kwenda, kucheza na kurudi ukiwa bado na hela ya kula Jumatatu

Nianze na hesabu yangu mwenyewe ya aibu. Kuna shoo moja nilienda hapa Dar, tiketi ya kawaida elfu 30, nikajisemea hapo nimeua, elfu 30 naimudu. Asubuhi yake nimekaa kitandani nafungua meseji za miamala moja moja: tiketi 30,000, gari la kuita kwa apu kwenda 9,000, kurudi 24,000 maana ilikuwa saa 10 alfajiri na kila mtu anaita gari palepale getini, shati jipya 25,000 kwa sababu eti nitapigwa picha, vinywaji 28,000, chipsi kuku za banda la ndani 15,000, na 10,000 nilimkopesha mshkaji ambayo mpaka leo tunaiita mkopo kwa heshima tu. Jumla 141,000. Yaani tiketi ilikuwa kama moja ya tano ya usiku mzima, na ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimekipangia.

Viingilio vimepanda, hilo halina ubishi. Ila watu wengi tunabishana wiki nzima kuhusu elfu 5 iliyoongezeka kwenye tiketi halafu tunaiacha laki nzima ipotee kati ya nyumbani na getini. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kufuata hela inavyotoka mfukoni, toka siku unaona bango mpaka unaingia ndani kwako kulala.

Kwanza, kwa nini bei imepanda

Soma hapa hata kama una haraka, baadaye itakusaidia kujua bei ipi ni ya kweli na ipi ni ya kutapeliwa.

Msanii wa siku hizi hununui kanda yake wala CD, unamsikiliza kwenye simu kwa bando, kwa hiyo hela yake kubwa inatoka kwenye matangazo na kwenye shoo. Promota naye akimleta mtu wa Nigeria au Afrika Kusini anamlipa kwa dola, na haji peke yake, anakuja na DJ, madansa, meneja, mpiga picha, wote wanataka ndege na hoteli. Sasa dola mwanzoni mwa 2023 ilikuwa shilingi 2,300 na kitu, mwaka 2024 ikavuka 2,700. Chukulia msanii anataka dola 50,000, promota kaongezewa milioni 20 nzima na msanii hajapandisha bei hata senti. Wenzetu Kenya ndo usiseme, mwanzoni mwa 2024 dola iligonga shilingi 160 zao kabla haijashuka. Weka juu yake steji, taa, skrini, jenereta na dizeli yake, vibali vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), malipo ya hakimiliki, kodi.

Halafu kuna masponsa. Kampuni za simu na za bia ndizo zilizokuwa zinatubebea shoo miaka yote, sisi tulikuwa tunalipa kidogo tukidhani ndiyo bei. Sponsa akipunguza mkono pengo linajazwa na wewe getini, au shoo haipo kabisa. Sauti za Busara ya Zanzibar, tamasha lenye jina dunia nzima, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017.

Ndo maana nasema, ukiona bango la msanii mkubwa wa nje halafu kiingilio elfu 10 bila sponsa yeyote anayeonekana kwenye bango, hiyo ikutie wasiwasi kuliko ile ya elfu 60. Ya elfu 60 angalau hesabu yake inaeleweka.

Hatua ya 1: piga hesabu ya usiku mzima kabla ya kununua chochote

Chukua simu, fungua sehemu ya kuandika, weka mistari sita: tiketi, kwenda, kurudi, kula, kunywa, mengineyo. Kama unalala nje ya kwako ongeza wa saba. Kila mstari andika namba, usiandike "tutaona", maana hiyo "tutaona" ndiyo iliyonila mimi 24,000 alfajiri.

Hesabu yangu ya shoo iliyofuata, ukubwa uleule, hii hapa: tiketi ya mapema 25,000, daladala mbili za kwenda 1,200, kurudi gari la 20,000 tumegawana watu wanne kwa hiyo 5,000, chakula nimekula mtaani kabla 4,000, maji na soda ndani 6,000. Jumla 41,200, na shati nilivaa lilelile la mara ya kwanza, hakuna aliyekumbuka. Sijanyimwa kitu, nimeimba mpaka sauti ikakauka kama wengine tu.

Ukishapata jumla jiulize swali moja: hiyo hela ni ya nini mwezi huu? Kama jibu ni kodi ya nyumba au ada ya mtoto, funga simu. Shoo zipo nyingi.

Hatua ya 2: hela ianze kukusanywa kabla bango halijatoka

Shoo kubwa za kwetu zina misimu yake, mwisho wa mwaka zinajazana Desemba, sikukuu za Idi na Pasaka, Februari kwa Zanzibar. Unajua zinakuja, kwa hiyo usisubiri bango. Mimi nina kibubu cha bati kabisa, kile cha kukata na kisu, kila Ijumaa buku tano. Wiki 12 ni elfu 60, shoo moja hiyo na nauli.

Kikundi ni bora zaidi. Watu sita, kila mmoja 10,000 kwa wiki, ila msifanye kama upatu wa kupokezana, hizo ziwekwe sehemu moja mpaka tiketi zitoke ndo zinunuliwe zote kwa mpigo. M-Koba, ile huduma ya Vodacom ya akiba za vikundi, inafaa kwa hili kwa sababu kila mwanachama anaona kilichoingia na kutoka kwa hiyo hakuna kuulizana "dada hela iko wapi". Faida nyingine hamuisemi lakini ipo: mtu akishachanga haahirishi dakika za mwisho na kuwaachia nyie bili ya gari.

Hatua ya 3: chagua shoo, usichaguliwe na stetasi za watu

Hapa nina maoni makali kidogo mnisamehe. Nusu ya watu kwenye shoo za uwanjani wameenda kwa sababu wenzao wanaenda. Ukiwauliza nyimbo tatu za msanii wanakupa mbili, na ya pili wanajua kiitikio tu. Kama ndo wewe, usilipe elfu 50, muziki wa laivu mzuri upo kwa bei za mwananchi, haupigiwi kelele tu.

Kuna bendi za dansi. Msondo Ngoma, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964, Sikinde ya tangu 1978, Twanga Pepeta, hawa wanapiga vyombo kweli siyo kubonyeza kompyuta, masaa manne mazima, na kiingilio hakifanani na cha uwanjani. Kuna baa nyingi tu zenye bendi za wikiendi ambazo ni kiingilio kinywaji, yaani unanunua soda yako unakaa. Ukipata ya hivyo muulize mhudumu bei ya soda kabla, maana wengine bei ya soda ndo kiingilio chenyewe kimejificha humo.

Dar fuatilia ratiba za vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, Alliance Française na Goethe, na Nafasi Art Space pale Mikocheni, mara nyingi ni bure au hela ndogo na saundi yao safi kuliko uwanja. Bagamoyo kuna tamasha la TaSUBa lililoanza 1982. Kwa Zanzibar ukipenda taarabu ya asili kuna Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, na Culture Musical Club, na wanafunzi na walimu wa Dhow Countries Music Academy wanaopiga udi na kanuni, vile vyombo vya nyuzi vya taarabu.

Msanii mkubwa unayempenda kutoka moyoni, huyo ndo wa kumwekea kibubu. Mmoja au wawili kwa mwaka.

Hatua ya 4: eneo la kukaa, hapa ndo tunapigwa zaidi

Zamani kulikuwa na kawaida na VIP basi. Sasa hivi bango lina kawaida, VIP, VVIP, Platinum, meza ya watu 6, meza ya watu 10, kapo. Kila jina jipya linasogeza uzio wa kawaida nyuma hatua nyingine 20, kwa hiyo hata kama kiingilio cha kawaida hakijapanda umelipa ileile kumwona msanii akiwa mdogo kama kiberiti. Huo nao ni upandaji wa bei, ila hauonekani kwenye bango.

Kabla ya kulipa VIP uliza mambo manne, kwa meseji, ili majibu yabaki. Moja, eneo liko mbele ya steji au pembeni? VIP ya pembeni utaona nusu ya msanii na spika nzima. Mbili, kuna kiti au mnasimama? Tatu, kuna kinywaji ndani ya bei, na ni kinywaji gani, maana "welcome drink" ya kwetu inaweza kuwa juisi ya pakiti kwenye glasi ya plastiki. Nne, kuna vyoo vyake? Ucheke usicheke, saa 7 usiku hilo la nne ndilo utakalolishukuru.

Kama majibu ni uzio, kiti na juisi, chukua kawaida na fika mapema. Anayefika saa 1 jioni eneo la kawaida anashika uzio wa mbele, anaona vizuri kuliko VIP aliyekuja saa 6.

Meza ni habari nyingine. Meza ya watu 10 kwa milioni 1 ni laki moja kwa kichwa, na mara nyingi ndani yake kuna chupa. Kama nyie ni watu wa chupa mnaweza kukuta mmeokoa, kwa sababu chupa ileile mkiinunua mkiwa kawaida mtalia. Ila hakikisha mambo mawili: kuna kiwango cha chini mnachotakiwa kutumia juu ya hiyo milioni? Na hela zikusanywe ZOTE kabla ya siku. Nimeshuhudia meza ya watu kumi wakatokea sita, na yule aliyelipia kwa jina lake alikaa usiku kucha na uso wa msiba huku wenzake wanacheza. Na promota akikutajia bei ya meza kwa dola mwambie akupe kwa shilingi, tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za hapa ndani kupangwa kwa fedha za kigeni.

Tiketi ya kapo angalia kama kweli ni nafuu. Nimeona kawaida 30,000, kapo 60,000. Hapo punguzo ni la mapenzi tu.

Hatua ya 5: kununua

Tiketi za mapema ndiyo punguzo la uhakika kuliko yote. Promota anahitaji hela ya kulipia malipo ya awali ya msanii na ya ukumbi, kwa hiyo za kwanza anaziuza rahisi, zikiisha anapandisha, siku mbili kabla anapandisha tena, na mlangoni ndo bei ya mwisho. Fuata kurasa za promota na za ukumbi, siyo za msanii tu, msanii mara nyingi anaposti mwishoni, akikumbushwa. Ila tiketi ya mapema inunue kwa promota ambaye ameshafanya shoo ukaiona kwa macho. Mgeni kabisa msubiri, bora uongeze elfu 10 kuliko uchangie ndoto za mtu.

Unapolipa:

Lipa kwa lipa namba au kwenye mfumo wa tiketi uliotajwa kwenye bango lenyewe. Kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Ukikuta ni jina la mtu wa kawaida, Fulani bin Fulani, na siyo biashara, simama, piga namba iliyo kwenye bango uulize.

Linki uliyotumiwa kwenye grupu usiibonyeze, nenda kwenye ukurasa wa promota uifuate kutoka huko. Matapeli wanatengeneza ukurasa unaofanana kabisa, tofauti herufi moja.

Tiketi yenye alama ya QR ni kama hela taslimu, mashine ya getini inaikubali mara moja tu. Ukiipiga skrinishoti ukaiweka stetasi kwa furaha, mwenye njaa anaikata, anaingia saa 2, wewe saa 4 unaambiwa imeshatumika. Posti bango. Tiketi ukae nayo.

Walanguzi wa getini wanafanya kazi pande mbili. Shoo ikijaa wanakuuzia ya 30,000 kwa 80,000, shoo ikidorora wanakuuzia kwa 15,000 wapate nauli. Tiketi ya karatasi kwao sikushauri kabisa, fotokopi za rangi siku hizi zimekuwa nzuri mno. Ukilazimika, sharti ni moja, muuzaji aende na wewe mpaka kwenye mashine, ikikubali ndo unamlipa. Akikataa una jibu lako.

Meseji za "umeshinda tiketi, tuma 5,000 ya kuandaa" ziripoti 15040. Kenya ukituma M-Pesa kwa namba ya kimakosa ile meseji ya muamala isukume 456 harakaharaka kabla aliyepokea hajaitoa.

Na kama huna hela kabisa bado kuna njia: redio zinagawa tiketi wiki ya mwisho, tena vipindi vya mchana ambavyo wapigaji ni wachache, siyo asubuhi ambapo laini haishikiki. Matamasha pia yanatafuta watu wa kujitolea, kusimama getini, kuelekeza wageni, kusaidia nyuma ya jukwaa. Unapewa fulana, chakula, na siku ambazo huna zamu unaingia bure. Omba miezi miwili au mitatu kabla.

Hatua ya 6: ukisafiri kufuata shoo

Zanzibar kwa Sauti za Busara naiona bado ni safari yenye thamani kwa Mtanzania, kwa sababu bei imepangwa kwa madaraja, mwananchi halipi sawa na mtalii wa Ulaya. Beba kitambulisho cha NIDA, kitakuokoa hapo na kwenye boti pia kwa sababu nauli ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Boti ya kasi ni kama saa mbili. Maandamano ya ufunguzi yanayopita mitaani na beni na ngoma ni bure kabisa, kwa wengine hiyo ndo sehemu nzuri kuliko zote. Tamasha likiwa Ngome Kongwe usilale Mji Mkongwe, wiki ile vyumba vinapandishwa mpaka huruma, lala Michenzani, Kikwajuni au Mwembetanga, unatembea kwa miguu. Chakula Darajani, urojo na mishikaki, Forodhani ukapige picha tu.

Kitu kimoja watu wanasahau: Ramadhani inawahi zaidi kila mwaka na sasa inagusana na Februari, ya 2027 inatarajiwa kuanza kama tarehe 8. Kwa hiyo usikate boti kwa mazoea ya mwaka jana, subiri tarehe rasmi za tamasha.

Mtu wa Morogoro au Dodoma anayekuja Dar, treni ya SGR iliyoanza 2024 imebadilisha hesabu. Daraja la kawaida lilianza kwa 13,000 Moro na 31,000 Dodoma. Uzuri wake ni kwamba shoo ikiisha alfajiri unaunga na treni ya asubuhi, hulipi gesti. Ubaya ni kwamba utalala ukapitilizwa kituo, weka alamu. Wa Mombasa anayepanda Nairobi, daraja la kawaida la treni ni 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, na zinaisha mapema wikiendi ya shoo.

Kigali nao wametuzidi ujanja. BK Arena inachukua watu 10,000, iko chini ya paa, na wamepita pale Kendrick Lamar Desemba 2023 na John Legend Februari 2025. Mkenya au Mganda anaingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania unahitaji paspoti au hati ya dharura, kwa hiyo anza uhamiaji kabla ya tiketi. Basi kupitia mpaka wa Rusumo ni refu ila linawezekana. Ila jua hatari yake: Tems, mwimbaji wa Nigeria, alikuwa apige hapohapo Machi 2025 akaifuta shoo karibu miezi miwili kabla kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Tiketi unarudishiwa, nauli ya basi na hoteli hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo safari ya shoo chukua chumba cha kulipa ukifika.

Ndugu zetu wa Uingereza na Marekani

Mnatuambia huku nafuu, na mnaweza kuwa sahihi. Kule mfumo wenyewe ndo unaokula. Agosti 31, 2024 bendi ya Oasis walipouza tiketi, za kusimama zilizotangazwa pauni 135 kabla ya ada watu wakakaa foleni ya mtandaoni masaa kufika mbele wakakuta 355. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikaingilia, na Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo, wakakubali 2025 kwamba kama tiketi zitakuwa na bei za ngazi, yaani za bei ndogo zikiisha zinafuata za bei kubwa, watatoa taarifa saa 24 kabla. Kwa hiyo soma ile taarifa, amua bei yako ya mwisho ukiwa umetulia nyumbani, uiandike kwenye karatasi. Ile saa inayohesabu dakika kwenye skrini imewekwa kukunyima akili.

Marekani ni ada. Mwaka 2023 tiketi za dola 20 za bendi ya The Cure zilikuwa zinabeba ada kubwa kuliko tiketi yenyewe, mpaka mwimbaji wao Robert Smith akapiga kelele na Ticketmaster wakarudisha dola 5 mpaka 10 kwa wanunuzi. Tangu Mei 2025 kanuni ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, inataka bei kamili ionekane tangu mwanzo, kwa hiyo muuzaji anayekuongezea ada mwishoni muache. Jaribu pia dirisha la tiketi la ukumbi wenyewe, kwa miguu, kumbi nyingi ada pale ni ndogo au hamna. Ukinunua kwa mtu Uingereza tumia Twickets ambako watu wanauziana kwa bei ya tiketi, haijalanguliwa.

Na shoo za wasanii wetu huko kwenu, zile za kumbi za jamii: msanii anatangazwa saa 4 usiku anapanda saa 9, treni nyingi za chini zimeshaisha. Hilo mnalijua, bado kila mara mnasahau nauli ya teksi.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Kula kabla. Wali maharage, ugali samaki, chochote kizito, saa 11 jioni. Ndani kila kitu ni mara mbili na foleni juu. Maji kunywa mengi kabla ya kuingia maana chupa utanyang'anywa getini.

Bango likisema saa 12 jioni, chipukizi wanaanza saa 3 na mwenyewe unamwona saa 7 au 8. Mwenye tiketi ya kawaida nimeshasema afike mapema ashike uzio, mwenye kiti apumzike kwake mpaka saa 4, kila saa unayokaa ndani kabla ya wakati ni soda mbili.

Hela ya ndani beba taslimu, ile uliyoandika kwenye mstari wa kunywa, na simu usiitumie kulipa. Noti zikiisha zimeisha. Simu kwenye mfuko wa mbele wenye zipu, simu moja ikiibwa ni sawa na tiketi kumi. Viatu vilivyozoea mguu. Nguo, kama lazima iwe mpya, soko la Karume mapema Jumamosi asubuhi, siyo dukani.

Shoo ikiahirishwa

Usifute chochote. Meseji ya muamala, tiketi, bango la tarehe ya kwanza, tangazo la kuahirisha, vyote viweke kwenye folda moja. Andika kwa promota siku hiyohiyo, kwa maandishi, useme unataka hela au unasubiri tarehe mpya. Wakisema "tiketi zenu zitatumika shoo ijayo" bila tarehe hiyo si tarehe, dai hela. Akikuzungusha kuna FCC, Tume ya Ushindani, wanapokea malalamiko ya mlaji. Mimi kuna promota mmoja alinikalia miezi minne, tulipojikusanya watu 19 tukamwandikia barua moja yenye majina na namba za miamala akalipa ndani ya wiki. Mmoja mmoja alikuwa hatujibu hata "sawa".

Kurudi

Usiite gari ukiwa getini shoo inapoisha, hiyo ndiyo dakika ghali kuliko zote za usiku mzima. Panga kabla: bajaji au teksi ya mtaani kwenu mnayemjua, bei mmekubaliana mchana, anawasubiri sehemu yenye taa. Bodaboda peke yako saa 10 usiku hapana, hasa kwa dada zetu, okoa hela kwingine. Kama hamna mtu wa kuwafuata, ondokeni nyimbo mbili kabla ya mwisho, au fanyeni ninavyofanya mimi, mngoje. Kaeni wote pamoja palipo na watu mpaka kama saa 11, mwendokasi inaanza, na pale kituoni hakosi mama mwenye chupa ya chai ya rangi na chapati. Masikio bado yanavuma, miguu inauma, unahesabu chenji kwenye mwanga wa simu na unakuta noti ya elfu 5 uliyoisahau.